Kompyuta ya Kikundi Ikifa, Leseni ya Windows Inakwenda Wapi?

Vikundi kadhaa vya kujisaidia upande wetu wa Kambu, na hata ng'ambo ya mto Athi kule Ikutha na Mutomo, siku hizi vina kompyuta. Kikundi kimoja kinaandika humo mikopo ya wanachama, kingine kinaweka hesabu ya kilo za ndengu na asali, na kingine kimefungua kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi pale sokoni. Kompyuta hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Ilinunuliwa kwa jasho: mchango wa kila wiki, vyondo vilivyouzwa, pengine na harambee. Basi siku moja stima inapotea, inarudi kwa nguvu, na mashine haiwaki tena.

Kikundi kinachanga upya na kununua mashine nyingine. Hapo fundi anauliza: "Na Windows je?" Ati ile ya zamani haifai, lazima ilipwe nyingine. Wanachama wanatazamana. Si tulikwisha kulipa Windows pamoja na ile mashine ya kwanza? Leseni yetu imekwenda wapi?

Swali hilo ni la haki, na kila mwanachama ana ruhusa kuliuliza. Jibu lake ni kwamba kuna leseni inayokufa pamoja na mashine, na kuna leseni inayohama. Kikundi kisichojua tofauti hiyo kinaweza kulipa mara mbili kitu ambacho tayari kinacho. Au kinaweza kulipa kitu ambacho si leseni hata kidogo. Kwa hiyo tusomeni pamoja, pole pole, kabla pesa hazijatoka kwa mweka hazina.

LESENI NI KITU GANI?

Kompyuta bila programu ya kuiendesha ni sanduku tu. Programu ile ya kwanza kabisa, inayoiamsha mashine na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi, huitwa mfumo endeshi. Windows ni mfumo endeshi wa kampuni ya Microsoft ya Marekani. Mnapoilipia Windows hamnunui Windows yenyewe iwe mali yenu. Mnanunua ruhusa ya kuitumia, kwa masharti. Ruhusa hiyo ndiyo leseni.

Zamani CD moja ya Windows ilizungushwa kutoka mashine hadi mashine bila mtu kujua. Mwaka 2001, ilipotoa Windows XP, Microsoft ilianza utaratibu wa kuamilisha. Maana yake, mashine hupeleka habari zake kwa Microsoft kupitia intaneti, na Microsoft hujibu kama leseni hiyo ni halali kwa mashine hiyo. Kinachoangaliwa zaidi ni ule ubao mkuu ulio ndani ya kompyuta, ambao mafundi huuita mazabodi. Kwa macho ya Microsoft, mazabodi ndiyo kompyuta. Shikeni neno hilo, litatusaidia hapa chini.

KWANZA, JE, MASHINE IMEKUFA KWELI?

Kabla ya kuzungumza habari ya kuhamisha leseni, hakikisheni kwamba mnahitaji kuhama. Stima ikileta madhara, mara nyingine kinachoungua ni pawa saplai peke yake, yaani kile kisanduku kinachopokea umeme. Mara nyingine ni diski iliyoharibika, au memori. Vitu hivi vitatu vinaweza kubadilishwa na leseni ikabaki vile ilivyo, maana mazabodi ni ile ile. Diski ikiwa mpya, fundi ataiweka Windows upya. Kama ni toleo lile lile lililokuwapo, na mashine ilikwisha kuamilishwa kihalali, Microsoft huitambua ikiingia kwenye intaneti. Hakuna leseni mpya ya kulipa.

Mazabodi ikiungua, mambo ni tofauti. Ikibadilishwa kwa sababu imeharibika, na iliyowekwa ni ya namna ile ile kutoka kwa mtengenezaji wa mashine, leseni inaweza kuendelea. Lakini mkiweka mazabodi kubwa zaidi kwa kutaka tu mashine yenye nguvu, hiyo huhesabiwa kuwa kompyuta mpya.

Kwa hiyo muulizeni fundi swali hili, na jibu liandikwe: "Ni kipande gani kilichokufa?" Fundi anayejibu "yote imeisha" bila kuifungua mashine, hebu mpeni pole na mtafute mwingine.

LESENI ZA NAMNA TATU

1. Leseni iliyozaliwa na mashine. Hii ndiyo tunayokutana nayo mara nyingi. Kampuni kama Dell, HP au Lenovo ikitengeneza kompyuta huiweka Windows ndani kabla mashine haijatoka kiwandani. Mafundi huiita OEM. Masharti yake ni kwamba leseni ni ya mashine ile peke yake. Mnaweza kuiuza kompyuta, au kuitoa zawadi, na leseni ikaenda nayo. Lakini hamwezi kuing'oa leseni na kuipeleka kwenye mashine nyingine.

Fikirini juu ya hati ya shamba. Mtu mwenye hati ya ploti ya hapa Kambu akihamia Mtito Andei, hawezi kuibeba hati ile na kuiweka juu ya ploti ya huko. Akiuza ploti, hati inakwenda na ploti. Leseni ya OEM ni hivyo hivyo. Mashine ikifa, leseni imekufa, na hakuna fundi wa kuifufua.

2. Leseni iliyonunuliwa peke yake. Hii huuzwa mbali na mashine: ndani ya boksi lake, au kwa njia ya intaneti kutoka kwa Microsoft au muuzaji wake. Leseni hii inahama. Masharti ya Microsoft yanaruhusu kuipeleka kwenye kompyuta yenu nyingine, mradi kila mara mnapohama muiondoe kwenye ile ya kwanza.

Hii ni kama laini ya simu. Simu ikianguka mtoni, laini si mmeipoteza. Mnaitia kwenye simu nyingine na namba ni ile ile. Lakini laini moja haiwezi kukaa ndani ya simu mbili kwa wakati mmoja. Leseni hii nayo ni moja kwa mashine moja.

3. Leseni ya taasisi. Kampuni, chuo au ofisi kubwa hununua leseni za mashine nyingi kwa pamoja. Leseni hizo ni za taasisi ile. Dereva wa gari la serikali analiendesha kila siku, lakini akistaafu hawezi kuondoka nalo. Kadhalika mfanyakazi wa kampuni hawezi kuwapa ninyi leseni ya kampuni yake, hata kama ana moyo mwema.

MTAJUAJE YENU NI IPI?

Kama mashine bado inawaka, kuna njia isiyotaka utaalamu mwingi. Kwenye kibodi bonyezeni kwa pamoja kile kitufe chenye alama ya Windows na herufi R. Kisanduku kidogo kitafunguka. Andikeni humo slmgr, kisha nafasi moja, kisha /dli, halafu bonyezeni Enter. Ngojeni kidogo. Yatatokea maandishi machache kwenye skrini. Mkiona neno OEM, leseni ilizaliwa na mashine. Mkiona RETAIL, ni ile inayohama. Mkiona VOLUME, ni ya taasisi.

Ni vizuri kufanya hivi leo, wakati mashine ni nzima, na kuandika jibu kwenye daftari. Mkingoja hadi ife, hamna pa kuuliza.

Kama mashine imekwisha kufa, tazameni vitu hivi:

- Kibandiko. Kompyuta za wakati wa Windows 7 zilikuwa na kibandiko chenye namba ya herufi na tarakimu 25. Kikiwa kimeandikwa pia jina la mtengenezaji wa mashine, hiyo ni OEM.
- Kibandiko kisicho na namba. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, watengenezaji wakubwa walianza kuificha namba ndani ya mazabodi yenyewe. Hii pia ni OEM.
- Risiti. Risiti ya kompyuta peke yake, ambayo ndani yake Windows haikutajwa kwa bei yake, kwa kawaida ni dalili kwamba Windows ilikuja na mashine. Risiti au boksi la Windows peke yake ni dalili ya leseni inayohama.

Tena jambo moja. Kama mashine yenu ilikuja na Windows 7 au 8 ya OEM, na baadaye ikapandishwa bure hadi Windows 10, leseni haikubadilika tabia. Iliyofungwa kwa mashine inabaki imefungwa kwa mashine.

HATUA ZA KUIHAMISHA

Hatua hizi ni za leseni ya namna ya pili tu, ile inayofanana na laini ya simu. Zifanyeni mkiwa na fundi, lakini awepo na mwanachama mmoja wa kikundi, akitazama na kuandika.

Hatua ya kwanza: Hifadhini kazi zenu. Daftari la mikopo, barua, orodha ya wanachama, vyote viwekwe kwenye flashi mbili. Moja ikae kwa karani na nyingine kwa mweka hazina. Leseni inaweza kununuliwa tena, lakini hesabu za miaka mitatu hazinunuliwi dukani.

Hatua ya pili: Angalieni toleo. Windows ina Home na Pro. Leseni ya Home haiwezi kuamilisha Pro, na ya Pro haiamilishi Home. Toleo la mashine mpya lifanane na leseni yenu.

Hatua ya tatu: Kama mashine ya zamani bado inawaka, unganisheni leseni na akaunti ya Microsoft ya kikundi. Ingieni palipoandikwa Settings, kisha Activation, mwingie kwa akaunti hiyo. Mkiona maneno yanayosema kwamba leseni imeunganishwa na akaunti, mmefanikiwa. Utaratibu huu ulianza mwaka 2016, nao huwasaidia sana watu waliobadilisha mashine.

Hatua ya nne: Iondoeni kwenye mashine ya zamani. Fundi atafungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, aandike slmgr /upk, kisha Enter. Namba hutoka. Kama mashine haiwaki kabisa, hatua hii haiwezekani, na si kosa lenu. Lakini ikitengenezwa siku moja, isirudishwe kazini kwa leseni ile ile.

Hatua ya tano: Kwenye mashine mpya ingieni tena Settings, kisha Activation, na mtafute mahali pa kubadilisha namba ya leseni. Andikeni zile herufi na tarakimu 25. Lazima mashine iwe kwenye intaneti. Intaneti ya simu inatosha.

Hatua ya sita: Ikikataa, hapo hapo kwenye Activation kuna Troubleshoot. Bonyezeni, kisha chagueni maneno yanayosema kwamba mmebadilisha vifaa vya mashine hivi karibuni. Ingieni kwa akaunti ya kikundi na mtaonyeshwa orodha ya mashine zenu. Chagueni ile ya zamani ambayo leseni yake inahama.

Msiharakishwe na mtu. Windows ya siku hizi, ya 10 na ya 11, isipoamilishwa haizimi mashine siku hiyo hiyo. Huandika maneno ya kuwakumbusha kwenye kona ya skrini na kuwazuia kubadilisha rangi na picha za mbele. Masharti bado yanawataka muwe na leseni, hilo halifichiki. Lakini mna nafasi ya kukutana, kuuliza na kuamua. Anayewaambia "lipeni sasa hivi ama mtapoteza kila kitu" anawatisha bure.

KAMA LESENI YENU HAIHAMI

Wengi wenu mtakuta leseni ni ya OEM. Msivunjike moyo. Hata mashine mnayoinunua huenda ina leseni yake tayari.

Kompyuta nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu katika miji yetu ni zile zilizotumika ofisini katika nchi za ng'ambo. Mashine hizo zilitoka kiwandani na Windows yake, na kama tulivyosema, leseni ile inakwenda na mashine. Kama ni za baada ya mwaka 2012, mara nyingi namba imo ndani ya mazabodi. Fundi akiweka Windows ya toleo lile lile, mashine yenyewe huisoma namba na kujiamilisha ikiingia kwenye intaneti. Sasa, kwa nini mlipe leseni nyingine juu yake?

Kwa hiyo, kabla ya kulipia mashine, semeni na muuzaji hivi: "Tuonyeshe kwamba imeamilishwa." Afungue Settings, kisha Activation, mbele ya macho yenu, na mashine iwe kwenye intaneti. Halafu fanyeni ile slmgr /dli. Mkiona OEM kwenye mashine iliyotumika, ni habari njema. Mkiona VOLUME, ulizeni maswali zaidi. Huenda ni leseni ya ofisi iliyoitumia kwanza, na ofisi hiyo haikuwauzia ninyi.

Mashine za msaada nazo zina habari yake. Kikundi kikiahidiwa kompyuta na marafiki wa mbali, waandikieni mapema wasifute leseni iliyokuja na mashine wala wasibandue kibandiko chake. Wafute kazi zao, sawa, lakini leseni ya OEM waiache. Wapo pia watengenezaji wanaokusanya mashine zilizotumika, wakazisafisha na kuziuza kwa bei ya chini. Hapa Kenya, shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likifanya kazi ya namna hiyo kwa ajili ya shule tangu mwaka 2002.

Jambo jingine ni umri wa Windows yenyewe. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa Windows 10 iliweka mpango wa nyongeza ya ulinzi kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026, lakini ni lazima mtu ajiandikishe. Windows isiyohudumiwa haifi, ila haipati tena dawa ya kasoro mpya, na virusi huingia kwa urahisi.

Windows 11 nayo inachagua mashine. Inataka memori isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, kifaa kidogo cha ulinzi kiitwacho TPM 2.0, na kwa mashine za Intel kwa kawaida kizazi cha nane kwenda juu. Muulizeni muuzaji: "Ni kizazi cha ngapi?" Mashine ya kizazi cha nne inaweza kung'aa kama mpya, lakini kwa Windows 11 haikubaliki. Leseni yenu hata kama inahama, mkiihamishia kwenye mashine isiyoweza kuipokea mmefanya kazi bure.

LESENI ZA BEI YA KARANGA

Sasa tuje kwenye jambo linaloumiza. Kuna mtu atawaambia, "Msisumbuke, mimi nitawawekea Windows kwa elfu moja." Hebu tupige hesabu. Microsoft yenyewe, kule Marekani, huuza Windows 11 Home kwa dola 139 na Pro kwa dola 199. Hiyo ya Home pekee ni zaidi ya shilingi 15,000. Ni nani anayewapenda hivyo hata awauzie kwa elfu moja?

Mara nyingi kinachouzwa ni mojawapo ya vitu viwili. Cha kwanza ni namba ya taasisi fulani inayouzwa kwa watu wengi. Baadhi ya leseni za taasisi hutaka kuthibitishwa upya katika muda wa siku 180. Ndiyo sababu mashine inafanya kazi vizuri karibu miezi sita, kisha inadai tena, na fundi anarudi kudai elfu nyingine. Cha pili ni programu ya kuvunja kufuli. Ili ifanye kazi, fundi huzima kwanza kinga ya virusi. Anayewaambia mzime kinga ndipo aingize kitu chake ni sawa na mgeni anayewaomba mfunge mbwa kabla ya usiku kuingia. Na mashine hiyo ndiyo yenye majina ya wanachama, namba za vitambulisho na hesabu ya mikopo.

Tena kuna sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazilinda programu za kompyuta pamoja na kazi nyingine za maandishi, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ndiyo yenye kuisimamia. Kibanda cha kuchapa kilicho wazi sokoni kinafanya biashara mbele ya watu wote. Kikundi kinachotaka kuaminiwa na benki au wafadhili hakifai kujenga juu ya kitu cha wizi.

NJIA ISIYOHITAJI KUHAMISHA

Iko mifumo endeshi inayotolewa bure na kihalali kabisa. Mmoja unaojulikana sana ni Ubuntu, ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2004. Huu ni wa ukoo wa Linux. Leseni yake inawaruhusu kuuweka kwenye mashine moja au kumi, kuuhamisha, hata kuwagawia jirani. Mashine ikifa, mnauweka kwenye nyingine na kazi inaendelea. Hakuna namba ya kuandika wala wa kumwomba ruhusa. Tena ipo mifumo midogo ya ukoo huo inayofaa mashine kuukuu ambazo Windows 11 imezikataa.

Pamoja nayo kuna LibreOffice, nayo ya bure, ya kuandika barua na kupanga hesabu. Hufungua faili nyingi zilizoandikwa kwa Word na Excel.

Je, kuna ubaya? Upo wa kuzingatia. Mafundi wanaoijua vizuri si wengi kama wale wa Windows, na printa nyingine husumbua. Programu maalumu iliyotengenezwa kwa Windows peke yake huenda isikubali. Kikundi chenye kazi ya kuandika barua, kuweka hesabu na kusoma barua pepe kinaweza kuijaribu. Ijaribuni kwa flashi kwanza, bila kufuta chochote kwenye diski, mkiwa na printa yenu pale pale.

LESENI IKO KWA JINA LA NANI?

Hata leseni inayohama hupotea kama imeandikwa kwa jina la mtu. Tuseme karani, kijana mwenye bidii, aliiunganisha Windows na barua pepe yake mwenyewe. Hakuwa na nia mbaya. Baada ya miaka miwili anapata kazi Mombasa, anabadilisha namba ya simu. Mashine inakufa. Leseni ipo, ya halali, iliyolipiwa na akina mama kwa shilingi hamsini hamsini, lakini mlango wake uko mfukoni mwa mtu asiyepatikana. Hapo hakuna mwizi, na hasara ni ile ile.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo fanyeni hivi:

- Fungueni barua pepe na akaunti ya Microsoft ya kikundi. Nywila iandikwe, itiwe katika bahasha iliyofungwa, ikae pamoja na cheti cha usajili.
- Namba ya simu ya akaunti iwe ile ya kikundi. Kama hakuna, ziwekwe namba za maafisa wawili, na zibadilishwe kila mnapofanya uchaguzi.
- Risiti iandikwe jina lile lile lililo kwenye cheti cha kikundi. Isiwe "Mama fulani" wala "mwenyekiti".
- Mashine za Windows 11 mara nyingi hufunga diski kwa siri. Ikihamishiwa mashine nyingine huuliza namba ya tarakimu 48. Namba hiyo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika. Ichapeni na kuitia katika bahasha ile ile.
- Mashine ya zamani isitoke kikundini ikiwa na diski yenye majina na hesabu za wanachama. Ifutwe kabisa, au diski itolewe ibaki kwenu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka habari za watu zilindwe.

Kwenye daftari la mali, ukurasa wa kompyuta unaweza kuandikwa hivi: aina ya mashine na namba yake, tarehe ya kununua na bei, Windows ya ngapi, Home au Pro, leseni ni OEM, RETAIL au VOLUME, risiti iko wapi, akaunti ya kikundi ni ipi, nakala za kazi zilifanywa lini mara ya mwisho. Mistari saba tu. Mwenyekiti, karani na mweka hazina watie sahihi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

Mkikutana mara nyingine, baada ya kukusanya michango, tengeni nusu saa kwa maswali haya:

1. Leseni ya kompyuta yetu ni ya namna gani? Nani ataiangalia kabla ya mkutano ujao?
2. Mashine ikifa leo usiku, kazi zetu za mwezi uliopita ziko wapi kwingine?
3. Akaunti na nywila viko kwa nani? Mtu huyo akihama, tutafanyaje?
4. Mara ya mwisho tulipomlipa fundi pesa za Windows, alitupa risiti? Alituuzia nini hasa?
5. Je, tunahitaji Windows kwa kazi zetu, au tujaribu mfumo wa bure?

Swali la kwanza msiliache bila jina la mtu na tarehe. Likijibiwa wakati mashine ni nzima, kikundi hakitatazamana siku ile fundi atakapouliza, "Na Windows je?"